Sanamu ya askari Posta inasema jina lako litakumbukwa, mbona haina hata jina moja?

MamaZuu_Tabata:

Wadau habari za jioni, naombeni msaada wenu maana najua humu kuna watu historia inawamwagika.

Kijana wangu yuko form one, wana lile somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, mwalimu kawapa kazi waende kuangalia kumbukumbu yoyote ya kihistoria hapa mjini waandike "inatufundisha nini". Jumamosi nikajibebesha, tukapanda daladala mpaka Posta, tukaenda pale kwenye sanamu ya askari, ile ya Samora na Azikiwe. Mimi ile sanamu naijua tangu niko binti, miaka yote naitumia kuelekezea watu tu, "ukifika kwa askari nipigie", sijawahi hata siku moja kusimama nikasoma imeandikwa nini.

Kwanza kuvuka kufika pale katikati ni kazi, magari hayakuachii, bodaboda ndo kabisa. Tukavuka. Juu kuna askari kashika bunduki yenye singe kaielekeza bandarini, yuko kwenye mwendo kama anataka kumchoma mtu. Chini kuna maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili, na Kiswahili kingine cha herufi za Kiarabu. Dogo akasoma kwa sauti watu wanatuangalia, kwamba huu ni ukumbusho wa askari wenyeji wa Afrika waliopigana, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wengine wote waliokufa kwa ajili ya mfalme na nchi yao kwenye vita ya 1914 mpaka 1918, afu mwisho kuna maneno kwamba ukiipigania nchi yako hata ukifa watoto wako watalikumbuka jina lako.

Kamaliza kusoma kaniuliza, "mama, majina yako wapi?" Nikamwambia zunguka labda yapo upande wa pili. Akazunguka akarudi. Akazunguka tena. Hakuna.

Halafu akaniongezea, mfalme gani, kwani Tanganyika ilikuwa na mfalme? Hapo nikamnunulia juisi ya miwa tukaondoka maana sina jibu.

Sasa swali langu kwenu, nani aliandika yale maneno, na yule askari alikuwa wa upande gani hasa? Na kitu kama kile ni historia au ni tangazo la mwenye serikali wa wakati huo? Kazi inatakiwa Jumatano.

---

Kijiwe_cha_Mtendeni:

Mama Zuu hongera kwa kulea, huyo dogo asije akapotezwa na PCB bure.

Ile sanamu ilizinduliwa 1927, Mwingereza ndo anatawala hapa. Aliyeichonga ni James Alexander Stevenson, ikayeyushiwa shaba London huko ikaja na meli imeshakamilika. Maneno aliandika Rudyard Kipling, mshairi wao mkubwa wa zama zile, yule aliyekuwa anausifia ufalme wao asubuhi mpaka jioni. Nairobi na Mombasa nako waliweka sanamu za namna hiyo hiyo, maneno ni yaleyale, kwa hiyo usidhani mtu alikaa Dar akamfikiria mtu wa Dar. Mfalme anayesemwa pale ni George wa Tano.

Ila kuna kitu kinaniumaga kila nikipita pale. Kipling mwenyewe alimpoteza mwanae wa kiume Ufaransa 1915, mwili haukupatikana, mzee kafa 1936 hajui mtoto kalala wapi. Na alifanya kazi na ile tume ya Uingereza ya makaburi ya vita, ambayo sera yake ilikuwa kila askari, tajiri kwa masikini, jina lake liandikwe, kwenye kaburi au kwenye ukuta. Yaani yule mtu alijua vizuri sana jina ni nini kwa mzazi. Afu kuja kwa hawa wa kwetu akaandika jina lako litakumbukwa, akaweka nukta.

Na sio kwamba tunamsingizia. Aprili 2021 hiyohiyo tume ilitoa ripoti ikaomba radhi, wakakiri watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Angalia hiyo tofauti ya namba mbili ilivyo, zaidi ya laki mbili. Hata idadi hawakuishika. Nenda pale makaburi ya vita barabara ya Ali Hassan Mwinyi uone mawe yalivyopangwa mistari kama gwaride, kila jiwe na mwenyewe, halafu rudi Posta uangalie wapagazi walivyopewa sentensi moja.

Swali la historia au tangazo, mi nasema tangazo. Mwaka 1927 unataka watu waamini ile ilikuwa vita yao. "Nchi yako", nchi gani? Kodi inakusanywa kwa nguvu, huna kura, leo unaambiwa umekufa kwa ajili ya nchi yako.

---

chalii_wa_sinza:

kumbe yule sio askari wa mwaka 47 kama tulivyokuwa tunaambiwaga 😂😂 mi nilijua ni wa vita ya Kagera

---

Mjukuu_wa_Askari:

Mkuu wa Mtendeni umeeleza vizuri ila umeacha kitu kikubwa na mimi kinanigusa kifamilia.

Baba wa babu yangu alikuwa askari lakini wa MJERUMANI. Watu wengi wa huku bara waliopigana vita ile walikuwa upande wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani huku, aliyesalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn, siku hizi Mbala, Zambia, vita Ulaya imeshaisha wiki mbili nyuma. Kwa hiyo ile sanamu ipo Dar inawakumbuka waliokuja kuiteka Dar. Huyo babu yetu kwa hesabu ya yale maneno hayumo, maana hakufa kwa ajili ya mfalme wao, alikuwa anapigana na huyo mfalme. Singe ile huenda ndo ilikuwa inamwelekea yeye hahaha.

Na kabla ya hii kulikuwa na sanamu nyingine hapa mjini, ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Tafuteni picha. Mzungu kasimama juu kabisa ya jiwe, mkono umeshika upanga, chini yake kuna askari mwafrika anamfunika simba aliyekufa kwa bendera, huku anamtazama bwana wake juu. Mwingereza kaingia 1916, akaing'oa, akaisafirisha London kama ngawira, baadaye Wajerumani wakarudishiwa wakaisimamisha Hamburg chuo kikuu 1922. Wanafunzi wa palepale wakaja kuiangusha 1968. Kwa hiyo yule jamaa kang'olewa mara mbili, kwa Waswahili na kwa kwao.

Sasa ziweke hizo sanamu mbili pamoja. Ya kwanza askari yuko chini ya mzungu. Ya pili mzungu kaondoka, askari kapanda juu peke yake, ukiangalia haraka unasema tumepandishwa cheo. Lakini mzungu hajaondoka bwana, kahamia kwenye maandishi. Yeye ndo anaongea, askari hana mdomo.

Kuna kisa kinasimuliwa, 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wao wazee, wakaitwa Mwanza, wakajitokeza wazee kama 350. Wenye vyeti wachache mno. Basi kila mzee akapewa fagio akaamrishwa kwa Kijerumani, bega silaha, miguu sawa, na inasemwa hakuna aliyekosea. Miaka karibu hamsini. Karatasi hana, jina lake halijaandikwa popote, mwili ndo ulikuwa umetunza. Wa kwetu sisi hakwenda, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

---

MwanaPangani:

Assalam aleykum. Hapo alipotajwa Wissmann mimi nakaa mkao wa kula.

Huyo ndiye aliyeletwa kuvunja upinzani wa pwani 1889, na Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani huo, akanyongwa kwetu Pangani Desemba mwaka huohuo. Wajerumani wakamtengenezea mtu wao shaba. Sisi tulikuwa na nini? Tulikuwa na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, alitunga utenzi mrefu wa vita hivyo vya Wadachi, yaani Wajerumani, kwa herufi za Kiarabu, mambo yakiwa bado mabichi. Ndani mna Abushiri, mna Bwana Heri, watu wana majina yao na koo zao, kila mtu anatajwa alipotoka. Nani alikuja na meli, nani alikimbia na nani alibaki. Wenye bunduki walishinda vita lakini kwenye utenzi hawakupewa kalamu.

Mnaona ajabu gani hapo, yale maandishi ya pale Posta ya herufi za Kiarabu ni herufi zilezile. Mwingereza alijua watu wa pwani wanasoma, ndo maana akaziweka, hawezi kutuambia tulikuwa hatuna maandishi wakati yeye mwenyewe anatuandikia.

Dogo akitaka point nzuri aandike hiyo, sanamu moja ni ya serikali na utenzi ni wa watu, afu mwalimu aamue mwenyewe.

---

Fundi_Mpingo:

Mimi sio msomi, mimi ni mchongaji Mwenge pale vinyago, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nimesoma uzi wote nikaona niseme hili maana mnamsema mzungu tu.

Kuna kinyago watalii wote wanakijua, watu wamebebana wamepandana mpaka juu, tunauza tunaita ujamaa. Wazee wa kimakonde waliotufundisha walikuwa wanakiita dimoongo, maana yake nguvu. Aliyeanza mtindo huo anatajwa Roberto Yakobo Sangwani, alitoka Msumbiji akaja huku. Siasa ya ujamaa ilipokuja, kinyago kikabatizwa jina na sisi vijana tumekuta hivyohivyo. Mteja akiuliza nini hii, unamwambia hii ni ujamaa, watu wa Tanzania wanasaidiana, anafurahi analipa. Mti ni uleule na watu ni walewale, jina ndo limekuja na serikali. Sisemi jina ni baya, limetulisha.

Ila nikupeni kisa changu. Ofisi moja, siitaji, waliniagiza kinyago kikubwa cha "historia ya maendeleo ya eneo letu" wakaweke mapokezi. Nikapata gogo zuri la mpingo, zito, watu wanne kulishusha kwenye guta. Nikakaa nalo miezi minne. Chini nikaweka wazee, katikati vijana na majembe, mvuvi, mwalimu na kitabu, juu kabisa nikamweka mama kambeba mtoto mgongoni, kwa sababu mimi hata siku moja sijaona kijiji ambacho mama hayuko kwenye shughuli. Nikapiga msasa, bado kiwi tu. Wakaja kukagua. Bosi akakizunguka akauliza, "mwenyekiti yuko wapi?" Nikamwambia mwenyekiti ni mmoja wa hawa. Akasema hapana, juu kabisa awe mwenyekiti.

Wadau, mpingo sio simenti. Huwezi kuongeza, unaweza kupunguza tu. Ikabidi nichukue tezo nimpunguze yule mama. Nikamtoa kilemba nikapata kofia, kifua nikakisawazisha na patasi kikawa kama koti, uso nikaufanya mwembamba. Yule mtoto sasa. Mtoto hawezi kutoka, ukimtoa mgongo wote unaondoka, na kinyago kinapasuka. Nikamchonga chonga kichwa akawa kama mzigo. Walivyorudi bosi akapenda sana, akaniuliza hiki mgongoni nini, kabla sijajibu msaidizi wake akasema ni mkoba wa kazi.

Kipo pale mapokezi mpaka leo. Nikienda kufuatilia malipo yaliyobaki nakiangalia, naona kile kimguu cha mtoto, upande wa kushoto, kilinishinda kukiondoa. Ukikijua unakiona.

---

chalii_wa_sinza:

mkoba wa kazi 😭😭😭 fundi piga picha utuwekee

---

Fundi_Mpingo:

Wakinilipa napiga.

---

Bibi_wa_Ilala:

Fundi umenikumbusha mbali mwanangu.

Huyo mama wako aliyegeuzwa mwenyekiti ndo hadithi ya TANU nzima. Watoto wanafundishwa 7 Julai 1954, wanaonyeshwa picha ya wanaume wamekaa na kusimama, basi. Waliojaza mikutano walikuwa kina mama wa ngoma. Bibi Titi Mohamed kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kinara wa kikundi cha ngoma kinaitwa Bomba, na alivyopewa kazi ya kuwaleta wanawake chamani 1955 alipita humohumo kwenye vikundi vya ngoma na lelemama, maana huko ndo kulikuwa na viongozi tayari na kuna michango tayari, wanawake walikuwa wamejipanga kabla siasa haijawakuta. Uhuru huu umeimbwa kwanza. Sasa nyimbo zile nani kaziweka kwenye mnara? 1969 akakamatwa kwa kesi ya uhaini, 1971 akahukumiwa maisha, 1972 akaachiwa kwa msamaha, na miaka mingi baada ya hapo jina lake lilikuwa linasemwa kwa sauti ya chini. Leo ana barabara kubwa, na watu wanaigombea foleni yake tu bila kujua ni nani.

Na msisahau wa karibu hapa. Mzee Francis Ngosha wa Buguruni, aliyesema yeye ndiye aliyechora ngao ya taifa, 2017 waandishi walimkuta anaishi kwa shida, serikali ikamchukua kwenda hospitali, akafariki Mei ileile. Wengine wakasema hapana, mchoraji ni Jeremiah Kabati. Mimi simjui wa kweli. Ninachojua ile ngao ipo kwenye noti, kwenye pasi, kwenye ukuta wa kila mahakama, na hatuwezi kumtaja mchoraji wake bila kubishana. Mwingereza naye tumlaumu kwa hili?

---

Kijiwe_cha_Mtendeni:

Shikamoo bibi. Nimenyoosha mikono.

Niongeze moja tu kwa dogo maana Jumatano inakaribia. Wale wapagazi ambao sanamu iliwaita miguu na mikono, upande wa Mwingereza peke yake wanahesabiwa waliokufa kama 95,000, wengi wao sio kwa risasi, ni kuhara, malaria na njaa huku wana mzigo kichwani. Kambi yao Dar baada ya 1916 ilikuwa pale tunaponunua nguo na simu. Waingereza walikuwa wanawaita Carrier Corps, watu wakalitamka wanavyoweza, ikawa Kariakoo. Hapa Dar hawana sanamu yao peke yao, ila hakuna siku inapita Dar bila konda kuwataja. Aandike hiyo.

---

Mwl_Kibaha:

Nafundisha Kiswahili kidato cha tano na sita, niseme kidogo. Kwenye tamthilia ya Ebrahim Hussein ya Kinjeketile, iliyotoka 1969, pale mwishoni Maji Maji imeshashindwa, Kinjeketile mwenyewe yuko kifungoni, anaombwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo ili anusurike. Anakataa. Na sio kwamba bado anaamini maji. Anakataa kwa sababu anajua kesho Mjerumani atawaambia watoto kwamba wazee wao walikosea kupigana. Kila mwaka nikifika hapo darasa linanyamaza. Mwandishi wetu mwenyewe alishaliona hili swali la dogo.

Mama Zuu, kama mwalimu wake ni mtu wa kusikiliza atampa nafasi. Kama ni wa kufuata notsi tu, basi mwandae kisaikolojia.

---

MamaZuu_Tabata:

Jamani nimerudi na mrejesho, samahani nimechelewa mambo ya network.

Kwanza asanteni sana, dogo alisoma uzi wote na kalamu mkononi, kisa cha fundi alinisomea mara mbili. Akaandika kurasa tatu. Akaanza na sanamu haina majina, akaweka ya Wissmann, utenzi wa Pangani, akamalizia na Kariakoo. Halafu usiku ule akaniomba nimpigie bibi yake Kilosa amuulize kama kuna mtu kwenye ukoo alikwenda upagazi. Bibi akasema yupo, kaka wa babu yake, aliondoka na jeshi hakurudi, shamba lake likabaki linaitwa kwa Mpagazi mpaka leo. Dogo akauliza jina lake nani, bibi kanyamaza kwenye simu, mpaka nikadhani salio limeisha, akasema nitamuuliza dada yangu, yeye labda anajua.

Kazi imerudi leo. 11 kwa 20. Neno Kariakoo limezungushiwa duara jekundu, pembeni kaandikiwa "hii ni sokoni, jibu swali, sanamu inatufundisha uzalendo".

Fundi, nikija na huyu mtoto Jumamosi hapo Mwenge nakupata saa ngapi?

---

Fundi_Mpingo:

Saa tatu nakuwepo mama. Aje na zile kurasa tatu. Kuna kipande cha mpingo kilichobaki kwenye lile gogo.